Akaunti ya pili, alama ya kujumlisha, barakoa au kikoa chako: uchague ipi kukwepa barua taka?

Wiki ya mwisho ya Juni meza yangu ya saiba hapa Kondele, Kisumu, haikosi foleni. Watu huja kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kabla tarehe 30 haijapita, na kila baada ya wateja wawili watatu yupo aliyesahau nywila ya iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Hilo lenyewe ni dogo, kwa kuwa iTax humtumia mtu nywila mpya kwa baruapepe. Kazi huanza nikiuliza, "Mama, baruapepe yako ni gani?" Mama hufungua kibeti na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye anwani aliyofunguliwa na kijana wa saiba nyingine miaka mingi iliyopita. Tukibahatika kuingia tunakuta barua elfu saba hazijasomwa: kamari, mikopo, kazi za Qatar zinazotaka ulipe ada kwanza, duka alilonunua viatu mara moja tu. Barua ya KRA imezama humo katikati.

Mara nyingine haikufika kabisa. Fundi mmoja wa pikipiki kutoka Manyatta tuliingoja naye barua ya iTax karibu saa nzima. Kumbe nafasi ya akaunti yake ya Google ilikuwa imejaa. Google hutoa GB 15 za bure, lakini hizo ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na tangu 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android nazo zinahesabiwa humo humo. Video za magrupu na picha za harusi zilikuwa zimekula nafasi yote. Akaunti ikijaa, Gmail haipokei barua mpya, zinarudishwa zilikotoka.

Ndiyo maana suala hili la anwani zaidi ya moja linanigusa. Njia nitakazozilinganisha hapa nimezitumia kwenye simu yangu na nimewawekea wateja walionikubalia. Zote zinapunguza takataka. Zinapoachana ni kwenye maswali mawili ambayo watu hawayaulizi mapema: anwani hii ikifa utapoteza nini, na ni nani mwingine anayeweza kuifungua?

Akaunti ya pili au alama ya kujumlisha

Akaunti ya pili kila mtu anaielewa. Unafungua Gmail nyingine. Ile ya kwanza inabaki ya KRA, eCitizen (huduma za serikali mtandaoni), HELB (mikopo ya wanafunzi), benki na shule ya watoto. Ya pili ndiyo unayoitoa dukani, kwenye WiFi ya hoteli, kwenye kuponi za zawadi za supamaketi na kwenye tovuti za kutafuta kazi. Programu ya Gmail kwenye simu inabeba zote mbili pamoja, na arifa za ile ya pili unaweza kuzizima ili simu isilie mchana kutwa kwa ajili ya ofa za magodoro.

Alama ya kujumlisha wengi wanayo bila kujua. Kama anwani yako ni jinalako@gmail.com, barua itakayotumwa kwa jinalako+viatu@gmail.com itakufikia vilevile. Gmail hupuuza chochote kilicho baina ya alama ya + na ile ya @. Husajili kitu, hulipi, hungoji. Unabuni neno pale pale unapojaza fomu. Outlook na iCloud zinaikubali pia. Utaratibu wenyewe umeandikwa kwenye viwango vya intaneti, katika waraka wa 2008 unaoitwa RFC 5233, na mifumo ya barua ilikuwa ikiutumia hata kabla ya hapo.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba unakuonyesha mlango ambao takataka zimeingilia. Duka la viatu ulilipa jinalako+viatu, na baada ya miezi mitatu kampuni ya mikopo usiyoijua inakuandikia kwa anwani hiyo hiyo. Hapo huhitaji kubahatisha: ama duka limegawa orodha yake ama orodha imeibwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakupa haki ya kukataa data yako isitumiwe kukutangazia biashara, na unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Mlalamishi mwenye barua iliyobeba jina la duka anasikilizwa tofauti na anayesema tu "nasumbuliwa na meseji".

Lakini alama ya kujumlisha haifichi chochote. Mtu yeyote akiitazama jinalako+viatu anaiona anwani yako halisi imekaa hapo mbele, na programu ya mtuma taka inaweza kuikata hiyo "+viatu" kwa mstari mmoja wa msimbo. Kisha kuna fomu zinazoikataa kabisa na kusema anwani si sahihi. Na kuna kaunta. Sisi huku bado tunatamka anwani kwa mdomo mbele ya karani anayeandika kwa kalamu. Niliwahi kuitoa anwani yenye alama hiyo kwenye kliniki moja hapa mjini. Dada wa mapokezi alisikia "plas", akaandika herufi p-l-a-s, na majibu yangu ya maabara yakaenda nisikokujua. Tangu siku ile, popote anwani inapoandikwa na mkono wa mtu mwingine, natoa anwani fupi isiyo na alama.

Jambo jingine: usipotengeneza kichujio, barua hizo zote zinaangukia kikasha kile kile. Vichujio vya Gmail hutengenezwa kwenye kivinjari, katika mipangilio. Programu ya simu haina mahali pake. Kwa hiyo keti kwenye kompyuta mara moja, uelekeze kila kinachokuja kwa "+viatu" kiruke kikasha na kuwekewa lebo yake. Baada ya hapo simu itafuata utaratibu huo yenyewe.

Nitaje na vile vidoti, maana vinawachanganya watu. Gmail haivihesabu: jina.lako@gmail.com na jinalako@gmail.com ni sanduku moja. Katika eneo lenye akina Otieno, Achieng na Wafula wengi kama tulivyo, utapokea barua za mgeni ambaye kila mara anasahau namba iliyo mwishoni mwa anwani yake. Hakuna aliyekudukua. Usibofye "thibitisha" kwa niaba yake, basi.

Kwa hizi mbili, hukumu yangu ni hii. Kwa kujificha, akaunti ya pili inashinda mbali. Kwa kupanga barua, alama ya kujumlisha inashinda. Mimi naziunganisha: alama naiweka kwenye akaunti ya pili, na ile ya kwanza haijawahi kuandikwa kwenye fomu ya duka lolote. Mtuma taka akiikata alama anajikuta kwenye akaunti ambayo tangu mwanzo niliitenga kwa ajili ya watu kama yeye.

Akaunti ya pili pia hufanya kitu ambacho alama haiwezi kabisa: ina GB 15 zake. Yule fundi wa pikipiki tulimfungulia ya pili, tukaingia mipangilio ya WhatsApp na kuhamishia nakala huko. Sasa video zikijaza, zinajaza kwenye akaunti isiyongoja barua ya serikali.

Inataka kutunzwa, hata hivyo. Google inaweza kufuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, na ilianza kufanya hivyo Desemba 2023. Microsoft nayo inahesabu miaka miwili. Yahoo ni kali zaidi: miezi 12. Mwaka 2013 Yahoo iliachilia majina ya akaunti zilizolala yachukuliwe na watu wapya, na baadhi yao wakaanza kupokea barua za wenye majina wa zamani. Google haimpi mtu mwingine jina la Gmail lililofutwa, na hiyo ni sababu mojawapo ninayoendelea kuipendekeza kwa anwani ya maisha. Ingia kwenye akaunti ya pili kila likizo ya shule, utakuwa salama.

Kwa wenye Outlook au Hotmail kuna njia iliyo katikati ya hizo mbili. Akaunti moja ya Microsoft inaruhusu hadi lakabu 10, yaani majina tofauti kabisa yanayoingia sanduku moja. Mtu akiiona lakabu haioni anwani yako ya asili. Na kuna swichi ambayo watu wengi hawajawahi kuifungua: unaweza kuamua ni lakabu ipi inaruhusiwa kutumika kuingia kwenye akaunti. Ile unayoigawa ovyo unaizima, kwa hiyo mwizi mwenye anwani hiyo hana hata ukurasa wa kuanzia kubahatisha nywila. Kama tayari uko Outlook, anza na lakabu. Kuhama Gmail kwa sababu hiyo peke yake sioni haja.

Barakoa au anwani ya dakika kumi

Hizi mbili zinachanganywa kila siku, na kosa lake linauma.

Anwani ya dakika kumi unaipata kwenye tovuti kama 10 Minute Mail, Guerrilla Mail au Mailinator. Unafungua ukurasa, unapewa anwani, unasoma barua moja pale pale, unaondoka. Kwa kupakua karatasi moja ya mtihani wa zamani kwenye tovuti inayolazimisha anwani, inatosha. Lakini masanduku ya wazi ya Mailinator hayana nywila: yeyote akiandika jina lile lile anasoma ulichotumiwa. Na ikishakwisha muda wake, ndiyo imekwenda.

Kijana mmoja aliyemaliza kidato cha nne alionyeshwa na rafiki yake njia hiyo, akaona ni ujanja mzuri, akaitumia kuombea mafunzo ya kazi. Alikuja kwangu baada ya wiki kadhaa kuuliza jinsi ya "kuifungua tena ile anwani". Sikuwa na la kumfanyia. Kama walimwita, walimwita mahali ambapo hakukuwa na mtu.

Barakoa ni kitu kingine. Huduma inakupa anwani ya kubuni inayopokea barua na kuzipeleka kwenye sanduku lako la kweli. Duka linaiona barakoa tu. Siku takataka zikianza unaifunga barakoa hiyo moja, nyingine zote zinaendelea kufanya kazi. Inaunganisha uzuri wa akaunti ya pili, yaani kuficha, na uzuri wa alama ya kujumlisha, yaani kujua nani amevujisha.

Na uvujaji hautokei kwa maduka madogo peke yake. Mwaka 2019 Canva, ambayo watu wengi hutengenezea mabango ya harambee na kadi za harusi, iliingiliwa, na data za akaunti zipatazo milioni 137 zikatoka. Ukitaka kujua kama anwani yako imewahi kuvuja popote, iandike kwenye haveibeenpwned.com, tovuti ya bure iliyoanzishwa na Troy Hunt mwaka 2013. Wateja wangu wengi hushangaa kuiona anwani yao pale mara tatu, nne. Anwani iliyovuja ni nusu ya ufunguo wa kila akaunti uliyofungua nayo, na kama una mazoea ya kutumia nywila moja kila mahali, nusu ya pili nayo iko karibu.

Huduma za barakoa hazifanani. Firefox Relay ya Mozilla inatoa barakoa tano bure, lakini kumjibu mtu kupitia barakoa ni kwa wanaolipa. SimpleLogin, ambayo ilijiunga na Proton mwaka 2022, inatoa kumi bure na kujibu kunaruhusiwa. DuckDuckGo inakupa anwani za @duck.com bila kukuhesabia, tena inang'oa vile vipicha visivyoonekana ambavyo humjulisha mtumaji saa uliyoifungua barua yake. Ila inakutaka utumie kivinjari chao au kiongezi chao. Mwenye iPhone anaweza kuficha anwani bure anapoingia tovuti kwa akaunti ya Apple, lakini kujitengenezea barakoa apendavyo kunataka iCloud+ ya kulipia.

Kwa simu ya Android, anayenunua vitu mtandaoni mara kwa mara namwekea DuckDuckGo. Anayeandikiana na wateja asiotaka wajue anwani yake ya nyumbani namwekea SimpleLogin, kwa kuwa orodha ya barakoa zake iko wazi kwenye ukurasa mmoja na anajua ipi ni ya nani.

Ukubali hasara zake pia. Unaongeza kampuni ya tatu kati yako na barua zako. Siku ikifunga milango, barakoa zako zote zinaondoka nayo. Tovuti nyingine zinazitambua anwani hizi na kuzikataa. Barua iliyopitishwa mkono kwa mkono inaweza kuangukia folda ya spamu. Kwa hiyo barakoa ni ya maduka, majarida, michezo na programu za simu. KRA, eCitizen, benki na chochote chenye jina lako la kitambulisho usikifungue kwa barakoa hata kama mfumo utaikubali.

Kabla hujakimbilia barakoa, hata hivyo, jaribu jambo dogo. Tangu 2024 Google na Yahoo zinawalazimisha watumaji wa barua nyingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja. Kwa Gmail, wanaobanwa ni wanaotuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku. Kampuni unayoijua ikikuchosha, bonyeza "Jiondoe" hapo juu karibu na jina la mtumaji. Wale wa kazi za ughaibuni na urithi wa mjane usiyemjua usiwabonyezee kiungo chochote, hata cha kujiondoa, maana unawathibitishia kuwa kuna mtu nyumbani. Hao waripoti kama taka.

Kikoa chako au anwani ya kazini

Hapa nasema na wenye biashara. Kama unauza vipuri Oginga Odinga Street au unapeleka wageni ziwani kutoka Dunga, kikoa chako, yaani jina lako mwenyewe linalokaa baada ya @, kinakupa anwani nyingi utakavyo chini ya jina moja. Unaandikisha .co.ke kwa biashara, au .me.ke kwa mtu binafsi, kupitia wasajili waliounganishwa na KeNIC, wanaosimamia majina ya .ke, na unalipia kila mwaka. Kisha unatengeneza oda@, malipo@, wageni@, kila moja ikiwa na kazi yake. Cloudflare ina huduma ya bure ya kuzielekeza barua za kikoa hadi kwenye Gmail yako, ingawa kutuma barua ukitumia jina la kikoa kunahitaji mpango mwingine, mara nyingi wa kulipia.

Kuna mpangilio unaoitwa pokea-yote: chochote kilichoandikwa mbele ya @ kinakufikia, hata kama hukukitengeneza. Unavutia, kwa sababu kila duka unalipa jina lake bila kugusa mipangilio. Mimi siupendi. Watuma taka hubahatisha info@, admin@ na sales@ kwenye kila kikoa duniani, na pokea-yote inazikaribisha zote. Tengeneza majina unayoyahitaji, mengine yarudishwe.

Hatari kubwa ya kikoa iko kwenye kusahau kulipia. Kikiisha muda na kuachiliwa, mtu mwingine anaweza kukinunua, na kuanzia siku hiyo barua zako zinamfikia yeye, pamoja na zile za kubadilisha nywila. Lipia miaka miwili kwa pamoja ukiweza. Na akaunti yako kwa msajili usiifungue kwa anwani ya kikoa hicho hicho, kwa sababu kikilala, onyo la kukuamsha linatumwa mahali palipolala.

Pamoja na hatari hiyo, nakiweka kikoa juu sana ya anwani ya kazini au ya chuo, ambayo watu wengi huitumia kana kwamba ni yao. Anwani hiyo ni ya mwajiri. Mkataba ukiisha inafungwa, wakati mwingine siku hiyo hiyo, na wenye mfumo wana haki ya kuifungua hata ukiwa bado kazini. Mhitimu mmoja alisajili akaunti yake ya HELB kwa anwani ya chuo. Miaka minne baadaye alihitaji cheti cha HELB kwa ajili ya kazi, na njia ya kurejesha nywila ilipita kwenye sanduku ambalo chuo kilishalifunga. Alifanikiwa mwishowe, kwa safari na barua za mkono. Vitu vya mwajiri viende kwa anwani ya mwajiri, hapo pana raha. Vitu vya maisha yako vikae kwako.

Siku simu inapoibwa

Huu ndio mtihani ninaouamini kuliko wote, kwa sababu unatokea. Simu inanyakuliwa steji, laini imo ndani, na akaunti zote zilikuwa wazi.

Alama ya kujumlisha, lakabu na barakoa zote ni matawi. Shina ni akaunti moja. Shina likipotea, zote zinakauka pamoja. Ukilirejesha, zote zinarudi. Akaunti ya pili ina shina lake, lakini watu hulifunga kwenye mti ule ule: anwani ya urejeshaji ya akaunti ya kwanza ni ya pili, na ya pili ni ya kwanza, zote zikitegemea laini moja iliyoondoka na mwizi. Zinaangaliana tu. Kwa hiyo weka uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti kuu, yaani nywila pamoja na msimbo, kisha uchapishe misimbo mbadala ya kuingilia usipokuwa na simu. Google hutoa kumi, kila mmoja unatumika mara moja tu. Karatasi hiyo ikae nyumbani pamoja na hati ya shamba na vyeti vya kuzaliwa. Wenye karatasi hiyo nimewaona wakirudi kwenye akaunti zao kabla hata hawajapata laini mpya.

Halafu nenda kwenye akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, usome namba ya urejeshaji iliyopo. Nawaomba sana mfanye hili leo. Nimekuta akaunti nyingi zenye namba ya kijana wa saiba aliyezifungua, naye alishahama mji. Nyingine zina namba ya zamani ya mwenyewe, na laini iliyoachwa bila kutumika hupewa mteja mwingine. Kwa hali zote mbili, kuna mtu usiyemjua anayeweza kupokea msimbo wa kuingia kwako. Sisi wenye saiba tunabeba lawama hapa. Mteja akiwa hana simu, mwambie arudi na ya mwanawe au ya mumewe. Namba yako wewe mhudumu isiingie kwenye akaunti ya mtu kamwe, hata kama foleni imefika mlangoni.

Nani achukue ipi

Kama una simu moja na hupendi mambo mengi, chukua akaunti mbili za Gmail na usiongeze kitu. Hilo linawatosha watu wengi ninaowahudumia. Ukiona unanunua mitandaoni kila mwezi, ongeza barakoa juu ya ile ya pili. Mwanafunzi anayejiandikisha kwenye tovuti ishirini za nafasi za kazi atafaidi alama ya kujumlisha na vichujio, kwa sharti kwamba akaunti anayoiwekea alama haina mambo ya serikali. Mwenye biashara anunue kikoa mwaka huu, si mwaka atakapokuwa ameshachapisha kadi elfu moja zenye Gmail. Ya dakika kumi itumie kwa kitu ambacho ukikipoteza usiku huu hutakikumbuka kesho.

Na usifunge anwani ya zamani kwa hasira. Mama mmoja anayeuza mitumba Kibuye alitaka tuifute kabisa ile yake ya barua elfu saba. Nikamwomba asubiri. Tulifungua mpya kwa namba yake mwenyewe, tukabadilisha anwani kwenye iTax, eCitizen na benki, moja baada ya nyingine, na kila tulipomaliza moja tulijitumia barua ya majaribio tuone inafika. Ile ya zamani tukaiacha iwe ya pili, ya kuponi na viatu, arifa zimezimwa. Misimbo kumi nilimchapishia kwenye nusu karatasi. Aliikunja mara nne akataka kuitia kibetini. Nikamwambia, "Mama, hii ikae nyumbani," naye akampigia binti yake simu aipitie jioni akitoka shule.